Bango Lililokataa Kuchanika

Kwa miezi saba Lorelle Noske alikuwa amefanikiwa kutokigusa kifundo cha mguu wa kulia cha Rowan Petch, tangu aliporudi nyumbani kutoka Melbourne. Haikuwa kazi ndogo, maana yeye, mtaalamu wa tiba ya viungo wa mji, ndiye aliyewafunga wachezaji wa klabu ya Wirrengal plasta za vifundo kila Jumamosi, na Rowan alikuwa mmoja wao. Lakini alikuwepo msaidizi wake, Bi Shirl, mwenye miaka sabini na ushei, na kila Rowan alipopanda kwenye meza ya kuchulia, Lorelle alikumbuka ghafla kwamba chupa za maji hazijajazwa.

Jumamosi ile ya mwisho wa Agosti, Bi Shirl alipiga simu saa tatu asubuhi akikohoa kama trekta kuukuu.

"Mafua, mwanangu. Siinuki. Leo utamfunga mwenyewe."

"Nimfunge nani?" Lorelle aliuliza.

"Usinichekeshe, kifua kinaniuma," Bi Shirl alijibu, akakata simu.

Ndiyo maana saa saba mchana, timu ya pili, ile ya akiba, ikiwa bado uwanjani na magari yaliyouzunguka uwanja yakipiga honi kwa kila goli, Lorelle aliinua macho kutoka kwenye boksi lake la plasta akamkuta Rowan amekaa mezani, miguu inaning'inia, jezi ya rangi ya zambarau na njano begani. Mvi zilikuwa zimeanza kumwotea juu ya masikio. Pua ilikuwa imevunjwa mara mbili na kurudishwa na watu wasio na subira. Macho tu ndiyo hayakuwa yamebadilika, na hayo ndiyo Lorelle aliyokuwa akiyakimbia.

"Habari za mchana, Lorelle."

"Nzuri. Mguu gani?"

"Unaujua."

"Nimefunga miguu mingi tangu wakati ule, Rowan. Nieleze kama unavyowaeleza wengine."

"Wa kulia," alisema kwa unyenyekevu, akaunyoosha.

Leo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Si ya mwisho ya msimu, ya mwisho kabisa. Wirrengal walikuwa wa pili kutoka chini, hakuna fainali wala bahati ya kuwaokoa. King'ora cha kumaliza mechi kikilia saa kumi na moja, Rowan Petch, mtoto wa Wirrengal aliyecheza mechi mia mbili na kumi na nne katika ligi kuu kule Melbourne, angekuwa ameacha mpira, ule wa kwao unaochezwa kwa robo nne. Na Jumatatu, mji mzima ulijua, alitakiwa kuwajibu watu wa Perth waliomtaka awe kocha msaidizi. Perth ni upande wa pili wa nchi. Mtu akienda huko, unamwona kwenye harusi na misiba.

Lorelle alikuwa amejiambia wiki nzima kwamba jambo hilo halimhusu. Alikuwa amejiambia hivyo akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi, akiunganisha karatasi laini za rangi ziwe bango la kumuaga, lenye upana wa mlango wa ghala, ambalo Rowan angelikimbilia na kulipasua kwa kifua kama desturi inavyotaka. Bango linajengwa siku tano na linakufa kwa sekunde moja. Ni yeye aliyechagua maneno pia: ASANTE, ROWAN. Alikuwa ameyaandika, akayafuta, akayaandika tena.

Alianza kufunga. Sponji nyembamba kwanza, kisha plasta nyeupe: moja juu, moja chini ya kisigino, kisha ile ya kuzunguka kama namba nane. Vidole vyake havikuhitaji kuulizwa. Kifundo hiki ndicho alichojifunzia kazi, akiwa na miaka kumi na sita, mama yake amesimama nyuma yake akisema kaza hapo, legeza hapo, na Rowan wa miaka kumi na saba akijifanya anaumwa ili Lorelle asimalize upesi. Majira yote ya baridi ya mwaka ule walikuwa wakibusiana nyuma ya tangi la maji, wakidhani hakuna anayejua, wakati hata kondoo walijua. Kisha Novemba ikaja, klabu ya Melbourne ikamchagua, na kijana akapanda treni. Simu zilikuwa za kila siku, zikawa za kila wiki, zikawa za Krismasi, zikakoma. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ndiyo sababu ilichukua muda mrefu kupona.

"Bado unakunja mwisho," Rowan alisema.

"Nini?"

"Mwisho wa plasta. Unaukunja ndani kidogo, uwe kama sikio."

"Ili iwe rahisi kubandua. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo, mikono ikifa ganzi kwa baridi bandani." Alivuta kipande kingine kwa meno. "Sisi wote kwetu tunakunja hivyo."

"Najua. Melbourne hakuna anayekunja. Nimefungwa na watu wenye shahada, na hakuna hata mmoja." Akaingiza mkono ndani ya soksi ya mguu wa kushoto. "Nina kitu chako. Nilitaka kukurudishia jioni, kwa utaratibu, lakini naona siwezi kusubiri mpaka jioni."

Akaweka juu ya meza kifuko kidogo cha nailoni. Ndani yake kulikuwa na kipande cha plasta chenye urefu wa shibiri moja, kimezeeka, kimekuwa cha kijivu, na uzi mmoja wa karatasi ya bluu umeng'ang'ania upande wa gundi. Mwisho wake ulikuwa umekunjwa kama sikio.

Lorelle alihisi damu ikimpanda usoni. Roli la plasta lilimponyoka, likabingirika chini ya benchi.

"Umekitoa wapi?"

"Kifuani kwangu. Kilininasia kwenye jezi nilipoanguka."

"Mungu wangu," alisema Lorelle, akakaa kwenye benchi.

Kwa miaka tisa hakuwa amemwambia mtu. Juni ile Rowan alikuwa anatimiza mechi yake ya mia moja kwa klabu ya Melbourne, na Lorelle alimwomba baba yake ampeleke, mwendo wa saa nne barabarani kwenye pikapu. Alijitolea kwa mashabiki waliokuwa wakitengeneza bango katika ukumbi mmoja wa kanisa. Walimpa kipande cha katikati. Selotepu ikaisha, saa zikasonga, naye akatoa begini kile alichokuwa nacho siku zote: plasta ya kufungia vifundo. Akabandika misalaba mitatu, imara, safi, kazi ya kujivunia. Plasta iliyotengenezwa kuzuia kifundo cha mwanaume wa kilo tisini kisitetereke! Siku ya mechi Rowan akatoka mbio, mikono juu, akaligonga bango kwa kifua, na bango likamrudisha. Alianguka kwa makalio mbele ya watu elfu sitini. Televisheni zilirudia wiki nzima, mara polepole, mara kwa muziki.

"Uliniangusha mbele ya watu elfu sitini," Rowan alisema, "na sijawahi kukushukuru."

"Unishukuru?"

"Wiki ile nilikuwa nimeshafunga mabegi, Lorelle. Goti lilikuwa limepasuliwa mara ya kwanza, kocha haniamini, nalala chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Nilikuwa nimepanga kucheza hiyo ya mia na kurudi nyumbani kulima shayiri na kaka yangu. Kisha nikajikuta chini, watu wananicheka, nami nakitazama hiki hapa kifuani." Akakigusa kifuko. "Nikaona sikio. Nikajua kuna mtu wa nyumbani kanijia. Wewe umenijia. Nikacheka mpaka nahodha akadhani nimegonga kichwa."

"Ulifunga magoli manne siku ile," Lorelle alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa ameyaona yote manne kupitia vidole, akiwa amejifunika uso.

"Manne. Na baada ya hapo mechi mia na kumi na nne zaidi, kila moja hiki kiko ndani ya soksi yangu. Daktari wa klabu alikuwa anadhani ni hirizi." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Asante. Nilitaka kusema hivyo tu kwanza. Asante kwa kazi yangu yote."

Wangeishia hapo, labda mambo yangekuwa mepesi. Lorelle alikuwa amelainika, machozi yako karibu, na mkono wake ulikuwa tayari umefika kwenye goti lile lenye makovu. Lakini aliuliza swali ambalo mwanamke yeyote angeuliza.

"Kama ulijua ni mimi, kwa nini hukunitafuta?"

Rowan akatazama mlangoni.

"Nilikutafuta. Nilikimbia mpaka kwenye maegesho ya magari na jezi yangu ya matope. Ulikuwa umeshaingia kwenye pikapu. Baba yako alikuwa nje, anafunga turubai."

"Baba?"

"Alinisikiliza vizuri, sina la kumlaumu. Nilimwambia nakupenda, sijaacha. Akaniambia, 'Kijana, mke wa mchezaji anasubiri maisha yake yote kwenye kiti cha plastiki. Binti yangu hatasubiri. Cheza mpaka uishe. Siku ukiisha, kama bado unamtaka, njoo ugonge mlango wa mbele, nami nitakufungulia.'" Rowan akamgeukia. "Nikaona ana haki. Tukapeana mikono. Nimeisha leo, Lorelle. Saa kumi na moja. Nilikuwa nije kugonga saa kumi na mbili, na Perth wangesubiri jibu lako."

Nje honi zililia. Timu ya pili walikuwa wamefunga, au wamefungwa. Lorelle alisimama.

"Mlipeana mikono."

"Ndiyo."

"Wewe na Baba. Kwenye maegesho. Mimi nikiwa ndani ya gari, nyuma ya kioo."

"Lorelle..."

"Mlinijadili kama kondoo wa mnada, mkakubaliana, mkapeana mikono! Miaka tisa! Nimekataa wanaume wawili, Rowan, watu wema kabisa, mmoja ana ghala la nafaka, na sikujua hata kwa nini nawakataa. Na ninyi wawili mnajua! Mnajua, mnanyamaza, mnaheshimiana!"

"Nilidhani nakuheshimu na wewe."

"Mtu akiniheshimu ananiuliza." Alikamata mguu wake wa kulia, akavuta plasta ya mwisho kwa nguvu zake zote mpaka Rowan akakunja uso, akakunja sikio, akapiga kofi juu yake. "Tayari. Shuka. Anayefuata!"

Hapakuwa na anayefuata. Tobin, nahodha, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa amesimama pembeni na wenzake saba, wote wanatazama viatu vyao kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Petchy," Tobin alinong'ona Lorelle alipokwisha kutoka, "umemfanyaje tena?"

"Nimemshukuru," alisema Rowan.

"Ndugu yangu, ukitaka kumtukana itakuwaje?"

*

Merv Noske, mwenyekiti wa klabu, alikuwa kwenye lango la uwanja na tai yake ya zambarau, amekumbatia mojawapo ya nguzo mbili za bango lililokunjwa. Upepo ulitoka upande wa mashamba, baridi, unanuka matope na vitunguu vya kukaanga kutoka jikoni kwa akina mama. Alimwona binti yake anakuja, akaona na mwendo wake, akavua kofia kabla hajaulizwa kitu.

"Baba, ulimwambia nini Rowan Petch kwenye maegesho?"

"Amekwambia."

"Nakuuliza wewe."

"Nilimwambia asubiri." Mzee alizungusha kofia mikononi. "Sikudhani atasubiri, mwanangu. Wanaume wa umri ule ukiwaambia wasubiri, wiki mbili wamesahau. Nilitegemea hivyo."

"Ulitegemea asahau!"

"Ulilia, Lorelle! Kutoka Melbourne mpaka hapa, kilomita mia tatu, ulilia bila kupumzika. Nilikununulia pai njiani ukalilia pai. Nikasema, huyu kijana hatamliza tena mwanangu."

Lorelle aliweka boksi lake la plasta chini.

"Nilikuwa nalia kwa aibu, Baba. Bango! Nilikuwa nimemwangusha Rowan kwa makalio mbele ya nchi nzima kwa plasta yetu. Nilikuwa nalia kwa sababu ya plasta!"

Kofia ya Merv iliacha kuzunguka.

"Plasta?"

"Misalaba mitatu."

"Ile ilikuwa wewe?" Mdomo wa mzee ulitetemeka pembeni, akajaribu kuuzuia, asiweze. "Ah, Lorelle. Mimi nilicheka siku ile mpaka nikamwaga chai. Wewe umekaa pembeni yangu unajifunika uso, nikadhani ni mapenzi."

"Kulikuwa na mapenzi pia," alisema kwa hasira. "Lakini usicheke. Usithubutu kucheka."

"Sicheki." Alikohoa. Kisha uso wake ukatulia, ukawa wa mtu aliyechoka. "Hakusahau, unajua. Kila Krismasi alinitumia kadi. Mstari mmoja tu: 'Bwana Noske, bado nacheza, bado nakumbuka.' Ziko tisa. Ziko kwenye droo, chini ya mikasi ya kunyolea kondoo. Ya nne ilipofika niliona nimemkosea. Lakini mama yako alikuwa ameshaanza kuugua, na wewe ndiye uliyekuwa unamgeuza kitandani, na mimi..." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Mimi nilikuhitaji. Nikajiambia ni kwa ajili yako. Haikuwa kwa ajili yako. Nisamehe."

Lorelle aliegemea lango. Alikumbuka mwaka ule wa mwisho wa mama yake, asubuhi za kumchana nywele zilizokuwa zinapungua, jinsi mama alivyopenda kumsimulia vifundo alivyovifunga ujana wake, cha nani kilinuka na cha nani kilikuwa kizuri. Asubuhi zile hakuwa tayari kumpa mtu yeyote, si kwa Melbourne nzima. Alikuwa mwenye shukrani kwa kila moja. Na hapo ndipo ilipokuwa shida: hata shukrani zake zilikuwa zimepangwa na watu wengine.

"Huenda nisingekwenda kwake, Baba," alisema taratibu. "Mama akiwa vile, huenda ningemwambia Rowan hapana. Lakini ningemwambia mimi."

"Ndiyo."

"Ungeniachia hapana yangu."

"Ndiyo, mwanangu." Mzee alikuwa analia, bila kujificha, tai yake inapepea. "Nilikupeleka kule siku ile nikaacha kondoo wanazaa. Nilitaka ufurahi. Kisha nikaogopa. Ndiyo hivyo tu."

Alikuwa amewaacha kondoo wanazaa. Lorelle alikuwa amelisahau hilo. Walipoteza wana-kondoo sita usiku ule, na baba yake hakuwahi kumtajia hata siku moja. Alimshika mkono wa jaketi, akauminya, na kwa familia ya Noske hilo lilikuwa hotuba nzima.

"Nimekusamehe wewe," alisema. "Yule mwingine bado." Akafungua boksi lake. Ndani kulikuwa na maroli manne mapya. "Inua bango, Baba. Shika nguzo yako sawasawa, mwambie na Keith mwenzako ashike ile ya pili. Leo msilegeze."

Merv alitazama maroli. Akamtazama binti yake. Kwa mara ya kwanza mchana ule, uso wake ulichangamka.

"Misalaba mingapi?" aliuliza.

"Kumi na miwili," alisema Lorelle.

*

Saa nane kamili honi zote zilianza kulia pamoja. Magari yalikuwa yamejipanga kuuzunguka uwanja, pua kwa uzio, na watu wa Wirrengal wote walikuwa wametoka, wamevaa makoti, vikombe vya chai mikononi. Hata wapinzani walijipanga mistari miwili kupiga makofi. Tobin na vijana walibaki nyuma, kwa sababu mchezaji anayeaga hupita peke yake, au na watu wake wa nyumbani kama anao.

Rowan alisimama mlangoni. Alisoma maneno yale mawili yakipepea juu ya lango, ASANTE, ROWAN, kwa mkono alioujua. Alimtafuta Lorelle pembeni ya uwanja, hakumwona. Akapiga moyo konde, akavuta pumzi, akatoka mbio, mikono juu, kama alivyofanya mara zote maishani mwake.

Bango lilimpokea, likabonyea, Merv na Keith wakakita visigino ardhini. Kisha likamrudisha.

Alianguka kwa makalio kwenye majani yenye maji, akalala chali. Honi zilikatika. Kisha mtu mmoja karibu na jiko akaanza kucheka, na kicheko kikauzunguka uwanja kama moto wa mabua.

Rowan alitazama mawingu. Kisha mawingu yalizibwa na uso wa Lorelle, nywele zimemtoka kwenye kofia, mashavu mekundu.

"Umeumia?"

"Nimezoea."

"Vizuri. Sasa kwa kuwa umesimama, nisikilize."

"Nimelala."

"Usinijibu. Miaka tisa umekuwa ukipita mbio, Rowan Petch. Mbele yangu, juu yangu, kwa baba yangu. Na mimi nasimama pembeni nimeshika karatasi. Leo hupiti mpaka umesimama mbele yangu mimi. Ulikuwa na swali la kwenda kuuliza saa kumi na mbili kwenye mlango wa mbele wa Baba. Mimi niko hapa. Niulize."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Bi Shirl, ambaye mafua yake yalikuwa yamepona kwa muujiza na ambaye alikuwa amekaa kwenye gari la mpwa wake na blanketi magotini, alishusha kioo ili asikie vizuri.

Rowan aliinuka kwa shida, akafika kwenye goti moja, lile baya, akabaki hapo kwa sababu lilikataa kwenda zaidi. Matope yalikuwa yamemjaa mgongoni. Alimtazama, na safari hii Lorelle hakuyakimbia macho yake.

"Nilikosea," alisema. "Nilidhani kusubiri kunatosha. Nilikuwa naogopa ukiniambia hapana kwa mdomo wako nitashindwa kucheza, ndiyo maana nikamuuliza mtu mwingine. Sasa nakuuliza wewe, na sichezi tena baada ya leo, kwa hiyo unaweza kusema lolote. Nakupenda. Nimekupenda tangu unafunga ovyo. Unanitaka?"

Lorelle alikuwa ameandaa maneno makali, mengi, na mazuri. Yote yalimpotea. Alichokiona ni kijana wa miaka kumi na saba anayejifanya kifundo kinauma.

"Sikuwahi kufunga ovyo," alisema. "Ndiyo, nakutaka. Mpumbavu wewe, nakutaka. Lakini sikiliza. Wagonjwa wangu wako hapa. Kazi yangu iko hapa. Perth sijakubali wala sijakataa. Tutaongea sisi wawili, jikoni kwangu, na chai."

"Si kwenye maegesho."

"Si kwenye maegesho kamwe."

"Samahani," alisema refa, ambaye alikuwa amefika na mpira kwapani na saa mkononi, "tunacheza au tunaoa? Maana nimelipwa kwa moja tu."

Honi zililipuka. Lorelle alimpa Rowan mkono, akamvuta mpaka akasimama, kisha akageukia bango. Misalaba kumi na miwili, na kila mwisho wa plasta umekunjwa kama sikio. Alishika sikio moja, akavuta, ikabanduka kirahisi. Akashika la pili. Rowan alielewa, akashika la tatu, na wakaenda hivyo, mmoja juu na mmoja chini, polepole, mbele ya mji mzima, mpaka karatasi ikabaki karatasi tu.

Merv aliishika nguzo yake kwa mikono miwili. Alikuwa anatazama mbele kabisa, kama askari, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai.

"Twende," alisema Rowan.

"Ni wewe unayeaga."

"Anayeaga hupita na watu wake wa nyumbani. Twende."

Wakapita pamoja, kwa mwendo wa kutembea, na bango likachanika pande zote mbili bila kelele. Tobin na vijana wakamiminika nyuma yao wakipiga mayowe. Upande wa pili, kwenye majani ya uwanja, Rowan alimgeukia, kipande cha karatasi ya njano kimemnasa begani.

"Asante," alisema.

"Usinishukuru bado. Hicho kifundo nimekifunga nikiwa na hasira. Sijui kama kitafika robo ya nne, ile ya mwisho."

Kilifika.